Kitana cha mwanga: PK za kupimia nyota

Ili kusema kwamba nyota fulani iko na sayari inayofanana na dunia yetu, lazima mtu awe na rula isiyodanganya. Wanasayansi wameipata rula hiyo ndani ya mwanga wenyewe, na darubini kubwa ya Afrika ya Kusini imekwisha kuijaribu. Mfano mzuri wa kuifahamu uko hapa kwetu, kwenye barabara zinazotoka Kisangani.

Ukiuliza mtu shamba lake liko wapi kwenye barabara ya Ituri ao ya Buta, mara nyingi hatakutajia jina la kijiji. Atakujibu: PK 12, PK 23. Herufi hizo mbili, point kilométrique, zinatosha. Sote tunajua kwamba hesabu inaanza mjini, na kila hatua ni kilometa moja. Mwenye kujua mambo hayo mawili, mwanzo na hatua, anaweza kufika popote bila kuuliza mara ya pili.

Sasa fikiri barabara isiyo na PK. Wanakuelekeza: pita mwembe mkubwa, kisha daraja, kisha kanisa. Alama ziko, lakini hazikupangwa sawasawa. Hapa tatu zimebanana, pale unatembea saa nzima bila kuona hata moja. Na siku moja mwembe unaanguka.

Kwa miaka mingi wataalamu wa nyota walipima mwanga kwa alama za namna hiyo ya pili. Ni tangu mwaka 2008 hivi ndipo wameanza kuweka PK ndani ya mwanga. Chombo chao kinaitwa kitana cha frekansi. Wanaosoma Kifaransa wanasema peigne de fréquences. Jina linatoka kwa sura yake: ukiutandaza mwanga wake, unaona mstari, nafasi, mstari, nafasi, zote sawa, kama meno ya kitana cha nywele.

Juu ya nini kupima mwanga wa nyota?

Hakuna mtu aliyefika kwenye nyota, na hakuna atakayefika kesho. Kitu pekee tunachopokea kutoka kule ni mwanga. Sayari yenyewe, ile inayozunguka nyota, karibu kila mara haionekani, sababu nyota inang'aa sana na sayari ni kitu kidogo chenye giza kando yake.

Lakini sayari inavuta. Angalia baba anayemshika mtoto mikono na kumzungusha hewani: mtoto anazunguka, na baba naye anayumba kidogo, mbele na nyuma. Nyota yenye sayari inayumba vilevile. Kwa muda fulani inakuja upande wetu, kisha inarudi nyuma.

Namna gani tunajua kwamba inayumba? Simama kando ya barabara na usikilize moto inayokuja mbio huku ikipiga honi. Ikiwa inakuja, sauti ni nyembamba. Ikikupita tu, sauti inakuwa nzito. Kumbe honi haikubadilika. Kilichobadilika ni mwendo wa moto kuelekea kwako. Mtaalamu wa Austria, Christian Doppler, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1842, na linafanya kazi hata kwa mwanga. Nyota ikija kwetu, mwanga wake unasogea kidogo upande wa bluu. Ikienda mbali, unasogea upande wa nyekundu.

Kuona msogeo huo, wanatumia spektrografu, chombo kinachotandaza mwanga kama upinde wa mvua. Ndani ya upinde huo kuna mistari myembamba yenye giza. Kila mstari ni alama ya atomu fulani ndani ya nyota: chuma, sodiamu, kalisiamu. Mistari ikisogea pamoja, huku na huku, kwa muda unaojirudia, hapo kuna kitu kinachovuta.

Mwaka 1995, Michel Mayor na Didier Queloz wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakitumia darubini ya Haute-Provence huko Ufaransa, waliona nyota inayoitwa 51 Pegasi ikiyumba kila siku 4 na kidogo. Mwendo wake ulibadilika kwa zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Ilikuwa sayari ya kwanza kupatikana kwenye nyota inayofanana na Jua letu. Mwaka 2019 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia.

Dunia ni nyepesi mno

Sayari ya 51 Pegasi ni kubwa, na iko karibu sana na nyota yake. Ndiyo maana ilipatikana mapema. Kupata sayari kama yetu ni kazi nyingine kabisa.

Jupita, ile kubwa kuliko sayari zote za Jua, inalifanya Jua liyumbe kwa karibu mita 12 kwa sekunde. Dunia yetu inaliyumbisha kwa karibu sentimita 9 tu kwa sekunde. Huo ni mwendo wa kobe. Na kuyumba huko kunachukua mwaka mzima kwenda na kurudi. Mtu anayekaa kwenye nyota nyingine, akitaka kugundua kwamba sisi tuko, anapaswa kupima mwendo wa kobe kutoka mbali vile, na kuendelea kupima kwa miaka.

Linganisha na mwendo wa mwanga, kilometa karibu 300,000 kwa sekunde. Sentimita 9 ni sehemu 3 tu ndani ya sehemu bilioni 10. Ukitaka kuisikia hesabu hiyo kwa akili ya mtu wa Boyoma, fikiri mto wetu. Kutoka Kinshasa hadi Kisangani, kwa maji, wanahesabu kilometa 1,734. Kupima mwendo wa kobe ndani ya mwanga ni sawa na kupima safari hiyo yote ya mto, kisha kusema kwamba imeongezeka nusu milimita.

Hapa ndipo matatizo yanaanza. Spektrografu ni chuma, kioo na hewa. Joto likipanda kidogo, chuma kinatanuka. Hewa ikibadilika, mwanga unapinda kwa namna nyingine. Mistari inasogea zaidi ya ile nyota ingeweza kuisogeza. Basi ukiona mstari umesogea, nani ameusogeza: nyota ao machine?

Ukikosa jibu la swali hilo, hujagundua kitu. Ndiyo sababu wataalamu wanatuma mwanga mwingine ndani ya machine ileile, mwanga ambao wanaujua vizuri, ili uwe shahidi. Shahidi akisogea, machine ndiyo imesogea. Shahidi akitulia na nyota ikasogea, basi ni nyota.

Shahidi wa zamani

Kwa muda mrefu shahidi huyo alikuwa taa ya thoriamu na argoni. Ndani ya taa kuna chuma cha thoriamu na gesi ya argoni. Ukipitisha umeme, inatoa maelfu ya mistari ya mwanga, na mahali pa kila mstari palipimwa zamani katika maabara. Taa hiyo imefanya kazi nzuri. Kwa msaada wake, spektrografu HARPS, iliyoanza kazi mwaka 2003 huko La Silla, inchi ya Chile, ilifika kwenye kipimo cha karibu mita 1 kwa sekunde. Sayari nyingi zilipatikana namna hiyo.

Lakini thoriamu ni ile barabara ya mwembe na daraja. Mistari yake haikupangwa sawasawa: sehemu moja imejaa, sehemu nyingine ni tupu. Mistari ya argoni inang'aa mno hadi inafunika majirani wake, mingine ni hafifu hata kuiona ni shida. Taa inazeeka, na unapoweka taa mpya haifanani kabisa na ile ya kwanza. Kwa mtu anayetafuta Jupita, inatosha. Kwa mtu anayetafuta Dunia, haitoshi.

Namna kitana kinavyofanya kazi

Wewe unayesikiliza radio unajua frekansi. Kituo kilicho kwenye 100 FM kinatuma wimbi linalocheza mara milioni 100 kwa sekunde. Hizo ndizo megahezi 100. Mwanga pia ni wimbi, ila unacheza haraka kupita kiasi. Mwanga wa kijani unacheza mara milioni ya milioni 550 hivi kwa sekunde. Hakuna kifaa cha umeme kinachoweza kuhesabu mbio hizo moja kwa moja, na ukuta huo ulisimama mbele ya wanasayansi kwa muda mrefu.

Kitana kinazunguka ukuta huo. Ndani yake kuna lazeri, lakini si ile inayowaka bila kukatika. Inatoa mapigo mafupi sana ya mwanga. Pigo moja linafungiwa katikati ya vioo na kuzunguka mle ndani. Kila likimaliza mzunguko, sehemu yake ndogo inatoka nje. Kwa sababu mizunguko yote inachukua muda uleule, mapigo yanatoka kwa mpango usiobadilika.

Na hapa fizikia inatupa zawadi: mapigo yaliyopangwa sawa kwa wakati yanatoa rangi zilizopangwa sawa kwa frekansi. Lazeri ikitoa mapigo milioni 250 kwa sekunde, meno ya kitana yanaachana kwa megahezi 250, kila jino na jirani yake. Ni kama mtambo mmoja wa radio unaojaza masafa yote kwa mamia ya maelfu ya vituo, vyote vikiwa na nafasi ileile kati yao, bila kimoja kumsukuma mwenzake.

Sasa rudi kwenye PK. Kila jino liko na namba. Ili kujua mahali pake, unahitaji mambo mawili tu: hatua, yaani nafasi kati ya jino na jino, na mwanzo, yaani hesabu inaanzia wapi. Zidisha namba ya jino kwa hatua, ongeza mwanzo, umefika. Uzuri ni kwamba hatua na mwanzo vyote viwili viko kwenye frekansi za radio, zile ambazo vifaa vya umeme vinaweza kuhesabu.

Kupata hatua ni rahisi: hesabu mapigo. Kupata mwanzo kulisumbua hadi mwisho wa miaka ya 1990. Njia iliyopatikana ni hii: unatandaza kitana mpaka kiwe kipana sana, kutoka nyekundu hadi bluu. Unachukua jino la upande wa nyekundu, unazidisha frekansi yake mara mbili kwa kulipitisha ndani ya fuwele, kisha unalilinganisha na jino la upande wa bluu lenye namba mara mbili. Tofauti inayobaki kati yao ndiyo mwanzo. Theodor Hänsch wa Ujerumani na John Hall wa Marekani walipata sehemu ya tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2005 kwa kazi ya kupima mwanga kwa lazeri, pamoja na kitana hiki.

Hatua na mwanzo vikishajulikana, vinafungwa kwenye saa ya atomu. Tangu mwaka 1967, sekunde moja ya dunia nzima ni michezo 9,192,631,770 ya mwanga wa atomu ya sesiamu. Saa za atomu ndizo zinazobebwa na satelaiti za GPS, zile zinazoiambia simu yako uko wapi. Kwa hiyo rangi ya nyota inapimwa kwa kulinganishwa na sekunde yenyewe. Mwembe unaweza kuanguka na taa inaweza kuzeeka, lakini sekunde ya kesho ni sekunde ya leo.

Kutoka maabara hadi juu ya mlima

Kulikuwa na kizuizi kingine. Meno ya kitana cha maabara yamebanana mno. Spektrografu inayaona kama ukungu mmoja. Wakaweka vioo viwili vinavyotazamana, vinavyopitisha jino moja na kuzuia mengine. Kwa kitana cha HARPS, lazeri ya megahezi 250 inachujwa hadi libaki jino moja katika kila 72. Hatua inakuwa gigahezi 18, na hapo spektrografu inaliona kila jino peke yake.

Majaribio ya kwanza kwenye darubini yalifanyika kisiwani Tenerife, Hispania, kwenye darubini ya kutazama Jua, na matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Mwaka 2012 kundi lililofanya kazi na HARPS lilionyesha kwamba kitana kinarudia kipimo chake kwa tofauti ya sentimita 2 na nusu tu kwa sekunde. Kobe anaweza kupimwa.

Kitana pia kilifichua siri. Kwenye HARPS, mwanga unaangukia kifaa kama kile kilicho ndani ya kamera ya simu, chenye vidoti vingi vidogo. Wote walivihesabu vidoti hivyo kuwa vya ukubwa mmoja. Kwa sababu meno ya kitana yanalingana, ilionekana wazi kwamba kila baada ya vidoti 512 kuna mruko mdogo: kifaa kilitengenezwa kwa vipande, na mahali pa kuungana vidoti havilingani. Alama chache za thoriamu zilipita juu ya kosa hilo bila kuligusa.

Na bara letu? Karibu kilometa 3,700 kusini ya Kisangani, kwenye nyanda kavu za Karoo karibu na mji mdogo wa Sutherland, kuna darubini SALT, iliyofunguliwa Novemba 2005. Kioo chake kimeundwa kwa vipande 91 vyenye pembe sita, na upana wake wote ni karibu mita 11. Iko kati ya darubini kubwa kabisa za dunia. Spektrografu yake ya kupima mistari myembamba, HRS, ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, na inakaa ndani ya tanki lisilo na hewa, mbali na joto na baridi ya nje; mwanga wa nyota unaifikia kwa nyuzi za kioo.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, huko Scotland, walikileta kitana chao Sutherland na kukiunganisha na HRS pamoja na wenzao wa Afrika ya Kusini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Hatua ya kitana ilikuwa gigahezi 15, na kilienea kutoka rangi ya kijani hadi kupita nyekundu, mahali ambapo jicho letu halioni tena. Ukipiga hesabu, ni meno karibu 14,000, kila moja na namba yake.

Kile ambacho kitana hakiwezi

Tusiuze mbuzi ndani ya gunia. Kitana ni chombo ghali na chenye kudeka. Meno yake hayang'ai sawa: mengine yana nguvu, mengine ni dhaifu, na lazima kazi ya ziada ifanyike kuyasawazisha. Upande wa bluu ni mgumu kufikiwa. Hata kile cha Sutherland kiliishia kwenye kijani. Nyuzi na lazeri zinachoka. Ndiyo maana taa ya thoriamu bado haijatupwa.

Zaidi ya hayo, kitana kinasahihisha machine tu. Hakisahihishi nyota. Uso wa nyota unachemka kama chungu cha maharagwe: sehemu inapanda, sehemu inashuka, madoa meusi yanapita. Vurugu hizo zinaweza kusogeza mistari kwa mita nzima kwa sekunde, mara kumi na zaidi ya kile ambacho Dunia ingefanya. Kutenganisha kuchemka kwa nyota na kuvutwa kwa sayari ndiyo kazi kubwa ya sasa. Lakini hakuna mtu angeweza hata kuianza bila kwanza kuwa na hakika kwamba machine haidanganyi.

Na sisi wa Tshopo tunapata nini?

Kupima mwanga si mambo ya nyota peke yake. Kila gesi inameza rangi zake, sawasawa na atomu za nyota zinavyoacha mistari ya giza. Hewa ya kaboni inameza mwanga fulani ambao jicho halioni. Ukijua ni mwanga kiasi gani umemezwa, unajua ni gesi kiasi gani iko hewani.

Jambo hilo liko jirani. Huko Yangambi, karibu kilometa 100 kutoka Kisangani ukishuka mto, mnara wa CongoFlux wenye urefu wa mita 55 umesimama ndani ya pori tangu mwaka 2020. Ni kazi ya Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji pamoja na INERA. Ni mnara wa kwanza wa namna yake katika bonde la Kongo, na unapima hewa ya kaboni ambayo miti inavuta na ile inayorudisha. Mnara huo hautumii kitana cha mwanga. Lakini wazo ni lilelile: vyombo vya namna hiyo vinasoma mwanga uliomezwa, na vinapaswa kulinganishwa mara kwa mara na gesi ambayo kiasi chake kinajulikana, kama vile spektrografu inavyolinganishwa na shahidi wake.

Na kitana kimeanza kushuka kutoka angani hadi duniani. Mwaka 2014, watafiti wa Boulder, huko Colorado, Marekani, walirusha mwanga wa vitana viwili hewani, kwa njia ya kilometa 2, na kupima hewa ya kaboni, methani na mvuke wa maji kwa wakati mmoja.

Leo mapori yetu yanatajwa katika mikutano ya mbali, na tani za kaboni zinageuzwa kuwa pesa. Namba zitaletwa kijijini na watu wenye karatasi nzuri. Mkulima wa PK 23 hahitaji kujua lazeri ni nini ili aulize swali ambalo wataalamu wa nyota wamejiuliza kwa miaka yote hii: ulipima kwa rula gani, na rula hiyo ililinganishwa na nini? Mwenye namba nzuri hatakasirika kuulizwa. Atakuonyesha PK zake.